Sungura akiacha kula, usisubiri kesho

SUNGURA hana sauti ya kuomba msaada. Mbuzi akiumwa hulia, mbwa hulalama, kuku hujikunyata pembeni kila apitaye akamwona. Sungura huficha maradhi yake mpaka mwisho, kwa sababu porini anayeonyesha unyonge ndiye huliwa kwanza. Ndiyo maana kila mara tunasikia: "Jana alikuwa mzima, leo asubuhi tumemkuta amekufa." Mara nyingi hata jana alikuwa mgonjwa, ila hakuna aliyemtazama vizuri.

Makala haya nawaandikia wazazi ambao watoto wao wanafuga sungura nyumbani. Hapa Rumonge wapo wengi, na shuleni ninapofundisha haupiti mwezi bila mwanafunzi kunijia na swali. Mimi nilikulia na kusoma Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972. Huko sungura tuliyemfahamu ni yule wa vichakani, aliyekimbizwa na mbwa akaishia chunguni. Niliporudi nyumbani mwaka 2008 nilistaajabu kuona watoto wakimpa jina, wakimkatia majani kabla ya kwenda shule na kumbeba kama mdogo wao. Wanamwita urukwavu. Mtoto wa namna hiyo akifiwa na sungura wake, siku hiyo hasomi kitu.

Sasa tuanze na jambo kubwa kuliko yote, yaani chakula. Sungura hula kidogo kidogo mchana na usiku, na utumbo wake haupaswi kusimama. Akikaa saa 12 bila kula chochote, hiyo ni hatari ya kumkimbiza kwa mganga wa mifugo siku hiyohiyo. Utumbo ukisimama, gesi hujaa, maumivu humzuia kula zaidi, na hawezi kutapika kama mbwa au paka. Utamkuta amejikunja pembeni, macho nusu yamefumba, anasaga meno kwa nguvu. Anaweza kufa katika siku moja au mbili.

Kinyesi nacho kinasema mengi. Cha sungura mzima ni vidonge vya mviringo, vinavyolingana, ukivipasua unaona nyuzi za majani. Vikiwa vidogo, vichache, au vimeshikana kwa manyoya, ujue utumbo umeanza kulegea. Lakini usishtuke ukimwona alfajiri akiinama na kula vidonge laini vilivyoshikana kama kishada. Hilo ni umbile lake: chakula hicho hupita mara ya pili ili apate virutubisho vilivyobaki. Wapo wazazi wanaowachapa sungura kwa jambo hilo, jamani, tuache.

Wakati unatafuta mganga, mweke mahali tulivu, mpe majani mabichi na maji. Masikio yakiwa ya baridi, mfunike kwa kitambaa. Asipokunywa mwenyewe, tumia bomba la sindano lililotolewa sindano, upande wa mdomo, tone kwa tone. Ila tumbo likiwa limevimba na gumu kama ngoma, usimlazimishe kumeza kitu.

Hapa ndipo nataka msomaji anisikilize kwa makini. Jirani yangu, mama mwenye huruma sana, alikuwa na sungura wawili wenye mafua. Alichukua kapsuli za amoksilini zilizobaki mwanawe alipopona kifua, akazikoroga katika maji yao. Mafua yalipungua kweli. Baada ya siku chache wakaanza kuhara, na wote wawili wakafa. Utumbo wa sungura umejaa bakteria wema wanaomsaidia kuchakata majani, na dawa za jamii ya penisilini zikipitia mdomoni huwaua hao, wabaya wakachukua nafasi. Dawa inayomponya mtoto inamuua sungura. Zipo dawa za bakteria zinazomfaa, lakini achague mganga.

Mafua yenyewe utayatambua hata pua ikiwa kavu. Angalia miguu ya mbele upande wa ndani. Sungura hujifuta pua kwa mikono yake, kwa hiyo manyoya ya hapo huwa yamegandana. Mtenge na wenzake mara moja, na anayetoka sokoni naye akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa.

Akitikisa kichwa na kujikuna masikio, chungulia ndani. Magamba mazito ya kahawia ni kazi ya utitiri. Usiyabandue, chini yake ni kidonda. Mganga humchoma ivamektini kulingana na uzito na kurudia baadaye, na wote wa banda moja hutibiwa pamoja. Upele wa puani na vidoleni unaweza kumwasha hata binadamu, kwa hiyo watoto wanawe mikono.

Wadogo wa mwezi mmoja hadi mitatu huuawa sana na koksidiosisi. Tumbo huvimba huku mgongo ukibaki mifupa, kisha huhara. Dawa za salfa husaidia zikiwahi. Banda lililoinuliwa, lenye sakafu ya fito zinazoruhusu kinyesi kudondoka chini, husaidia zaidi.

Kidevu chenye mate mara nyingi ni meno yaliyozidi urefu, kwani hayaachi kukua. Majani makavu huyapunguza. Usiyakate kwa koleo, yatapasuka.

Sisi wa kando ya ziwa tuna adui mwingine, joto. Sungura wa kufugwa asili yake ni Hispania na jirani zake, na hapoi kwa jasho bali kwa masikio. Banda la mabati likipita nyuzi 30 anateseka. Akilala chali ubavuni huku akihema kwa mdomo wazi, mpeleke kivulini, lowanisha masikio kwa maji ya kawaida, si ya barafu, wala usimtumbukize. Na unapombeba, shika kifua na makalio. Masikio si mpini.

Wanafunzi wangu huwapima sungura wao kila Jumamosi kwa mizani ya ndagala. Uzito hushuka kabla macho hayajaona kitu, na daftari lao limeshaokoa kadhaa. Ukienda kwa mganga, nenda na uzito huo, saa aliyokula mara ya mwisho, na kinyesi cha leo kwenye jani la mgomba.