Matairi Makubwa na Meno ya Ekseli

Wilayani Iramba, katika mkoa wa Singida, mlima Sekenke hushuka hadi mbuga ya Wembere. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa mbuga hiyo hunata sana. Matairi makubwa huliinua gari juu ya tope. Lakini gari hilo likianza kupanda Sekenke, injini huelemewa. Kwa nini?

Ndani ya ekseli mna magurudumu mawili ya chuma yenye meno. Tuseme dogo lina meno 10, na kubwa lina meno 40. Dogo huzunguka mara 4 ndipo tairi lizunguke mara 1. Ikiwa kipenyo cha tairi ni sentimita 70, mzingo wake ni 70 × 22/7, yaani sentimita 220. Basi kila gurudumu dogo lizungukapo mara 1, gari huenda sentimita 55.

Sasa tia tairi la sentimita 84. Mzingo ni sentimita 264, na gari huenda sentimita 66. Injini haikuongezewa nguvu, ila mwendo umerefuka; kwa hiyo msukumo hupungua.

Fundi huchagua jozi ya meno 10 na 48. Gawanya 264 kwa 4.8: utapata tena 55. Magurudumu hayo hubadilishwa yote mawili, maana meno yake hulinganishwa pamoja kiwandani. Na kama injini huendesha ekseli zote mbili, ya mbele nayo sharti ipate jozi kama hiyo. La sivyo zitashindana.

Je, tairi la sentimita 77 litahitaji gurudumu kubwa lenye meno mangapi?