Mbegu na Miche Iliyopotea: Kikundi Kianzie Wapi Kutafuta?



Siku hizi kuna swali linalosikika karibu kila mahali akina mama na wazee wanapokutana. Saga ya kweli, ile chungu ya zamani, tutaipata wapi? Na mukau je? Na mkwaju, mfenesi, matunda damu? Sukuma wiki imejaa kila bustani, lakini ile mimea ambayo nyanya zetu walikuwa nayo nyuma ya jikoni haionekani tena. Wengine wamepanda matatu mpaka mjini, wakanunua miche kando ya barabara kwa bei kali, wakaimwagilia miaka mitatu, halafu ikazaa kitu kingine kabisa. Pesa imeenda, na miaka pia imeenda.

Katika makala haya tutaeleza hatua kwa hatua namna ya kutafuta mmea usiopatikana kwa urahisi, na namna ya kuepuka hasara.

1. JUA JINA NA SURA YA MMEA

Shida ya kwanza ni majina. Mboga ile tunayoita saga, Wagusii huiita chinsaga, Waluo huiita dek au akeyo, na watu wa Pwani huiita mgagani. Ukimwambia mtu wa Kilifi akuletee mbegu ya saga, huenda akakuangalia tu, na kumbe iko nyuma ya nyumba yake! Managu nayo ni mnavu kwa Waswahili, osuga kwa Waluo na lisutsa kwa Waluhya.

Tena jina moja laweza kubeba mimea zaidi ya mmoja. Kuna managu yenye majani mapana na matunda meusi ya zambarau, na kuna ile ndogo yenye matunda ya rangi ya machungwa. Zote huliwa majani, lakini ladha si moja na mavuno si sawa. Basi ukisema "managu" bila kueleza, usishangae kuletewa usiyoitaka.

Fanya hivi. Chukua tawi lenye jani, ua na tunda. Lilaze ndani ya gazeti kuukuu, weka kitu kizito juu yake mpaka likauke. Andika kando: jina la kwenu, mahali ulipolipata, aina ya udongo, na linavyotumika. Mpelekee afisa wa kilimo au wa misitu akusaidie kupata jina la kisayansi. Jina hilo ni gumu kutamka, lakini faida yake ni kwamba ni lile lile Busia, Mombasa na hata ng'ambo. Saga, kwa mfano, huandikwa vitabuni Cleome gynandra.

2. ANZIA KARIBU NA NYUMBANI

Watu wengi hukimbilia mbali kabla ya kuuliza jirani. Mbegu nyingi za kienyeji bado ziko vijijini, lakini zimebaki kwa wazee wachache. Mama mzee huziweka ndani ya kibuyu, pengine amezichanganya na jivu, na kibuyu kinaning'inia juu ya meko. Si ushirikina. Moshi na jivu husaidia kuzuia wadudu, na joto la meko huzuia unyevu.

Hapa ndipo penye haraka. Mama huyu akifariki, watoto watasafisha nyumba na kibuyu kitatupwa. Pamoja nacho itapotea aina ya kunde iliyozoea udongo wenu na ukame wenu kwa vizazi vingi. Aina hiyo huwezi kuinunua dukani, kwa maana dukani haijawahi kufika. Kwa hiyo kikundi kiteue watu wawili, kijana mmoja na mtu mzima mmoja, wawatembelee wazee nyumba kwa nyumba. Wasiende mikono mitupu, na wasichukue mbegu zote. Waandike pia namna ya kupanda na kupika.

Sokoni nako ni mahali pa kuuliza. Mama anayeuza mafungu ya mrenda au nderema ana mbegu, au anamjua aliye nazo.

Halafu vikundi vyaweza kupanga siku ya kubadilishana mbegu. Kila mmoja analeta alichonacho, anarudi nyumbani na asichokuwa nacho. Kule Gilgil, Kaunti ya Nakuru, kuna shirika liitwalo Seed Savers Network, lililoanzishwa mwaka wa 2009, ambalo huwasaidia wakulima kuanzisha benki zao za mbegu vijijini.

3. SHERIA INASEMAJE?

Wengi wameogopa kugawa mbegu kwa sababu ya sheria. Ni kweli kwamba Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, ilirekebishwa mwaka wa 2012, na adhabu ya kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa ikawa kubwa: faini hadi shilingi milioni moja, au kifungo hadi miaka miwili, au vyote viwili. Mwaka wa 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani kupinga jambo hilo. Mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vipengele vilivyomwadhibu mkulima kwa kuhifadhi na kubadilishana mbegu zake za kienyeji vinakwenda kinyume cha Katiba.

Lakini tuelewane. Hiyo si ruhusa ya mtu kufunga mbegu kwa pakiti na kuziuza kana kwamba zimethibitishwa na wakaguzi. Huo ni udanganyifu.

4. UKILAZIMIKA KWENDA KITALUNI

Kama jirani hawana, tafuta mahali panapojulikana. Kwa mbegu za miti, taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ina kituo cha mbegu Muguga. Kituo chake cha Kitui kimefanya kazi nyingi juu ya mukau, mti wa mbao unaofaa nchi kavu. Migomba iliyokuzwa maabara hupatikana Chuo Kikuu cha JKUAT kule Juja. Vitalu vya kando ya barabara navyo, kama vile vya Ngong Road, vina mimea ya kila aina, na wengi wa wenye vitalu ni watu wa kweli. Wewe tu uwe na macho.

Ukifika, angalia haya:

(a) Mahali pa kubebeshwa. Mwembe au mwovakado uliobebeshwa huweza kuanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Ule wa kokwa huchukua muda mrefu zaidi, tena tunda laweza kutofanana na la mama yake. Usitosheke na kuona kipande cha nailoni kimefungwa kwenye shina. Angalia kama kuna kovu la kweli ambapo vijiti viwili vimeshikana, na kama majani mapya yanatoka juu ya kovu. Majani yakitoka chini yake tu, umeuziwa shina la kawaida. Ukipanda, kovu libaki juu ya udongo.

(b) Mizizi. Omba mwenye kitalu akufungulie mfuko mmoja. Mizizi iliyojizungusha chini kama kamba ni dalili kwamba mche umekaa sana kitaluni. Mti kama huo mara nyingi hudumaa au huangushwa na upepo.

(c) Kimo. Mrefu kuliko wote si bora kuliko wote. Chagua mche mfupi mnene, wenye majani safi.

(d) Mti mama. Uliza vikonyo vilikatwa kwa mti gani, na kama waweza kuonyeshwa. Mwenye kazi safi hatakasirika.

(e) Karatasi. Uliza kama kitalu kimekaguliwa na KEPHIS. Omba risiti yenye jina la aina, si "miche 10" peke yake.

Vipande vya mihogo na machipukizi ya migomba usichukue ovyo ovyo. Batobato ya muhogo na mnyauko wa migomba husafiri ndani ya vipande kama hivyo. Tena kuvusha mimea mpakani bila kibali ni kosa.

5. KILA MBEGU INA TABIA YAKE

Mara nyingi mtu hupata mbegu nzuri, hazioti, halafu anamlaumu aliyempa. Kumbe mbegu hazifanani.

Saga iliyovunwa jana huota vibaya. Iache ipumzike miezi mitatu au zaidi kabla ya kupanda. Mrenda una ganda gumu: chemsha maji, yaepue, tumbukiza mbegu zikiwa ndani ya kitambaa kwa sekunde 10 hivi, kisha zitoe upesi. Kokwa ya mukau ni ngumu kama jiwe. Lazima ipasuliwe kwa uangalifu, mbegu ya ndani itolewe, ikwaruzwe ganda, halafu ilowekwe usiku mmoja.

Nyingine ni kinyume kabisa. Ovakado, embe, zambarau na muiri hazitaki kuwekwa. Zikikaushwa juani zinakufa. Ondoa nyama ya tunda na upande mara moja. Muiri ni mti unaochunwa maganda kwa ajili ya dawa ya tezi dume, hata biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti tangu 1995. Anayepanda muiri leo anapunguza uharibifu wa msitu. Anayeuchimba msituni bila ruhusa anauongeza.

6. KIGENI SI LAZIMA KIWE KIZURI

Mmea usiojulikana unaweza kuleta balaa. Gugu maji lina asili ya Amerika ya Kusini na lilisambazwa duniani kwa sababu watu walipenda maua yake. Leo wavuvi wa Ziwa Victoria wanajua gharama ya ua hilo. Mathenge nao uliletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili watu wapate kuni na kuzuia jangwa. Ukatambaa, ukafunga malisho, na maganda yake matamu yakaoza meno ya mbuzi. Katika kesi waliyoifungua mwaka wa 2006, wakazi walikwenda mahakamani na mbuzi asiye na meno, wamwonyeshe hakimu kwa macho yake.

Kwa hiyo uliza: mmea huu unazaa mbegu ngapi? Nani huzisambaza, ndege au maji? Ukikatwa unachipuka tena? Mahali ulikotoka watu wanausifu au wanaulaani?

Uliza pia nani anapata faida. Mnakumbuka kware wa mwaka 2013 na 2014. Waliotajirika ni wale wa kwanza waliouza vifaranga na mayai kwa wenzao. Waliokuja nyuma walibaki na vizimba. Mtu akija na mche wa ajabu, akisema soko liko tayari lakini ni lazima mlipe leo, mwulize anayenunua tunda ni nani, yuko wapi, na ananunua kwa bei gani. Akianza kuzunguka zunguka, mwagieni kwa heri.

7. ANZENI KIDOGO

Msitumie akiba yote ya kikundi kwa mmea msioujua. Nunueni miche michache, mipandeni katika mashamba mawili au matatu yenye udongo tofauti, muitunze misimu miwili. Ikifanya vizuri, hiyo ndiyo itakuwa mimea mama yenu. Kuanzia hapo mtachukua mbegu na vikonyo kwenu wenyewe. Kila anayepewa mbegu arudishe mara mbili baada ya mavuno, na mwandishi wa kikundi aandike kwenye daftari. Haba na haba hujaza kibaba.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni mboga gani au miti gani iliyokuwa hapa kwetu miaka 30 iliyopita na leo haionekani?
2. Ni wazee gani wenye mbegu hizo bado, na nani atawatembelea mwezi huu?
3. Je, tumewahi kununua miche tukadanganywa? Tungeuliza maswali gani?
4. Kibuyu cha mbegu cha kikundi kitakaa kwa nani, na nani mwingine atajua kilichomo?