Mtahiniwa wa Kujitegemea na Uchaguzi wa Mitihani ya Mazoezi

Katika vihamba vya Old Moshi, kuanzia Kidia hadi maeneo ya tambarare, wapo vijana wanaosoma elimu ya sekondari bila kuvaa sare. Baadhi yao walikatisha masomo kwa sababu ya ujauzito, maradhi au uhaba wa mahitaji. Wengine hufundishwa nyumbani kwa uamuzi wa wazazi wao. Wote hao, wakitaka kuingia chuoni, hupitia mlango mmoja, nao ni mtihani wa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) wakiwa watahiniwa wa kujitegemea. Kwa kuwa hawana mwalimu wa darasa wa kuwapima kila muhula, uchaguzi wa mitihani ya mazoezi huwa mikononi mwao na mwa walezi wao, na ni uchaguzi unaoweza kuokoa au kupoteza mwaka mzima.

Jambo la kwanza ni kufahamu mtihani anaouendea mtahiniwa. Tuchukue mfano wa binti aliyeacha shule kabla ya kufanya upimaji wa kidato cha pili. Huyo hawezi kusajiliwa moja kwa moja kwa Mtihani wa Kidato cha Nne. Hana budi kuanza na Mtihani wa Maarifa, ambao wengi huuita QT, na akifaulu ndipo afungue njia ya kidato cha nne. Kumnunulia maswali ya kidato cha nne tangu siku ya kwanza ni kumtwika mzigo wa mwakani. Kwa upande mwingine, aliyekwisha kufanya kidato cha nne na kupata alama C au zaidi katika masomo matatu anaweza kujiandaa kwa kidato cha sita, ambacho hufanyika mwezi Mei, wakati masika yakiwa bado yanaendelea mlimani.

Mtahiniwa wa kujitegemea hutofautiana na mwanafunzi wa shule katika jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Katika kidato cha nne, mwanafunzi wa shule huingia na alama za maendeleo ya shuleni zenye uzito wa asilimia 30, na mtihani wa mwisho hubeba asilimia 70. Mtahiniwa wa kujitegemea hana akiba hiyo. Alama zake zote hutoka katika karatasi ya siku ile. Ndiyo maana kwake mazoezi chini ya saa, akiwa peke yake na bila daftari mezani, yana faida kubwa kuliko kusoma maswali yaliyokwisha kujibiwa.

Chanzo bora cha mazoezi ni mitihani ya NECTA ya miaka iliyopita, lakini si ya kila mwaka. Mfano ulio wazi ni Hisabati. Karatasi za zamani za kidato cha nne zilikuwa na maswali 16, na mtahiniwa aliruhusiwa kuchagua manne kati ya sita ya sehemu B. Karatasi za baadaye zina maswali 14 na yote ni ya lazima. Kijana aliyezoea karatasi za zamani hujifunza, pasipo kujua, kwamba mada inayomshinda inaweza kurukwa. Maswali ya zamani yafaa kwa kufanyia mazoezi mada moja moja. Kwa kujipima karatasi nzima, zitumike zile tu zinazolingana na fomati inayotumika sasa. Fomati hizo hupatikana bila malipo katika tovuti ya NECTA, na ni vyema mzazi azisome kabla ya kwenda dukani. Tahadhari hiyo imezidi uzito tangu mwaka 2024, mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutekelezwa kwa awamu, kwa kuwa makundi mawili ya wanafunzi yatasoma kwa mitaala tofauti kwa miaka kadhaa.

Hapo hapo katika tovuti kuna hazina isiyotumiwa ipasavyo: taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali. Taarifa hizo huonesha swali lilidai nini, watahiniwa walikosea wapi, na huweka mifano ya majibu mazuri na mabaya. Kwa familia isiyo na mwalimu wa kusahihisha, hakuna msahihishaji wa karibu zaidi ya huyo.

Mitihani ya utamilifu ya mikoa nayo ina manufaa, hasa ikiwa imeambatana na mwongozo wa usahihishaji. Bila mwongozo, alama anazojipa mtoto ni za kukisia. Vijitabu vinavyouzwa mitaani vichunguzwe kwa makini. Vipo vyenye majibu yenye makosa. Yule anayeuza kwa simu “mtihani wa mwaka huu” asisikilizwe kabisa, kwani anauza ama uongo ama kosa la jinai.

Lugha pia ni sehemu ya mtihani. Ukiacha somo la Kiswahili, masomo mengi ya sekondari hutahiniwa kwa Kiingereza, ilhali mazungumzo ya masomo nyumbani huwa ya Kiswahili au Kichagga. Mtoto anayeweza kueleza vizuri kwa mdomo jinsi mmea unavyotengeneza chakula anaweza kukwama akiandika. Kwa hiyo mazoezi yaandikwe kwa lugha ya mtihani tangu mwanzo, hata kama maelezo ya mlezi ni ya Kiswahili.

Katika kujisahihisha, vitumike viwango vya sasa vya kidato cha nne: A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na chini ya hapo ni F. Anayepata 46 katika karatasi ya mazoezi amepata C, lakini ni C inayoning’inia ukingoni. Masomo ya sayansi yana karatasi ya vitendo, ambayo haiwezi kufanyiwa mazoezi sebuleni. Kituo cha usajili kiulizwe mapema kuhusu maabara.

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na miezi inayoutangulia ndiyo ya kuchuma kahawa. Familia zipange siku mbili tatu za mwezi ambazo kijana hatapelekwa shambani, afanye karatasi moja kwa saa zake kamili. Usajili hufanyika mwanzoni mwa mwaka, na anayechelewa hutozwa faini. Maktaba ya Mkoa mjini Moshi ina nafasi ya kusomea. Vitabu vya kiada hupatikana katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima hupokea walioacha shule, wakiwamo mabinti waliojifungua. Aliye mbali na mji aanzie kwa Afisa Elimu Kata, akiwa na cheti cha kuzaliwa na nakala ya matokeo yoyote aliyonayo.