Land Rover ya Kikundi: Betri Haina Kosa, Ni Dainamo

Hapa Wajir bado kuna Land Rover za zamani zinazofanya kazi ya maana. Zinabeba mapipa ya maji, chakula cha shule, na usiku zinabeba wagonjwa. Gari yenyewe ni nzima. Lakini pesa za kikundi zinaisha kwa kitu kimoja: betri. Inanunuliwa mpya, na baada ya miezi michache imekufa tena.

Sisi tulijifunza kwa njia ngumu. Usiku mmoja wa mvua, kati ya Habaswein na Wajir mjini, tulikuwa tumebeba mama aliyeshikwa na uchungu. Betri ilikuwa na miezi minne tu. Taa zikaanza kuwa nyekundu kama makaa, waipa ikasimama katikati ya kioo, halafu injini ikakohoa, ikanyamaza. Kusukuma tulisukuma, lakini tope lilikataa. Lori la mifugo ndilo lilimfikisha mama hospitali alfajiri, na tunamshukuru Mungu yeye na mtoto walikuwa wazima. Fundi alipopima gari alimwambia dereva wetu, "Mzee, betri haina kosa. Unachota kuliko unavyojaza."

Maneno hayo mtu wa Wajir anayaelewa mara moja, kwa sababu ni habari ya kisima. Betri ni kisima, haitengenezi umeme. Anayejaza ni kile chombo kinachozungushwa na mkanda wa feni. Kwenye Land Rover za Series II na IIA, yaani za kuanzia 1958 mpaka 1971, chombo hicho ni dainamo. Alternata ilikuja kuwa ya kawaida kwenye Series III, iliyoanza 1971.

Dainamo ya kawaida ya gari hizo hutoa ampea 22 hivi, tena injini ikiwa inakimbia. Gari ikisimama inanguruma, au ikitambaa polepole kwenye tope, inatoa karibu na sufuri. Sasa hesabu. Taa mbili kubwa zinakula kama ampea 8, taa ndogo 2 au 3, moto wa injini 3 au 4, waipa 3. Tayari ni 16 au zaidi. Mkifunga redio ya mawasiliano ya masafa marefu, ile inayokula karibu ampea 20 mnapoongea, au friji ndogo ya chanjo, mmeshapita. Gari hii ilitengenezwa kwa taa na waipa tu.

Kwa nini alternata ni bora? Ndani ya dainamo umeme wote unapita kwenye brashi, kwa hiyo haiwezi kuzungushwa kwa kasi sana bila kuungua. Kwenye alternata brashi zinapitisha umeme kidogo tu wa kuamsha sumaku, na mzigo mkubwa unatoka kwenye koili zisizozunguka. Kwa sababu hiyo inawekewa puli ndogo, inazunguka haraka, na inaanza kujaza hata injini ikiwa imetulia.

Kabla ya kununua chochote, azimeni mita ya volti. Betri nzima iliyopumzika inaonyesha kama 12.6. Washeni injini, kanyageni mafuta kidogo, na muwashe taa zote. Mita ikisoma kati ya 13.8 na 14.4, chaji iko sawa na tatizo liko mahali pengine. Ikibaki 12 na kushuka, kazeni mkanda kwanza. Ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati, ushuke kama sentimita moja. Tumeona watu wakibadilisha kila kitu, kumbe ni mkanda uliolegea!

Alternata ya ampea 35 mpaka 45 inatosha kabisa. Msidanganywe na kubwa sana, maana mkanda ule mwembamba utateleza. Mkinunua iliyotumika, iwe ni Nairobi pale Kirinyaga Road au Garissa, angalieni nyuma yake. Zingine za gari za dizeli zina pampu ya breki inayohitaji oili, na mkiifunga bila oili itakwama.

Sasa hapa ndipo mafundi wengi wanakosea. Land Rover nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilifungwa chanya (+) ya betri kwenye bodi. Alternata ya kawaida inataka hasi (–) kwenye bodi. Mkiiunga bila kugeuza, inaungua papo hapo. Mkigeuza betri, geuzeni pia nyaya mbili ndogo za koili, na redio ikaguliwe kabla ya kuwashwa.

Kosa la pili ni kutumia waya wa zamani. Waya ule unapitia mita ya ampea ya dashibodi, ambayo mwisho wake ni 30. Alternata ya 45 itaupasha moto mpaka uyeyuke. Vuteni waya mpya mnene, wa milimita mraba 10, kutoka alternata moja kwa moja mpaka betri, na fyuzi ya ampea 60 karibu na betri. Kisanduku cha katauti hakina kazi tena. Waya wa taa nyekundu ya chaji uende kwenye terminali ndogo ya alternata, na balbu yake iwe nzima, kwa sababu umeme wa kuiamsha unapita hapo.

Wazee wanaosifu dainamo wana hoja moja ya kweli. Betri ikiwa imekufa kabisa, dainamo inaweza kuamka kwa kusukumwa. Alternata inataka betri iliyobakiza nguvu kidogo. Dereva asiache redio inaimba usiku kucha.

Tena, betri isifunguliwe injini ikiwa inazunguka. Na kabla ya fundi wa jua kali kuchomelea bampa, fungueni nyaya za alternata na za betri, la sivyo daiodi zinakufa. Betri iongezwe maji maalum ya betri peke yake. Maji ya visima vyetu yana chumvi, yataiua hata alternata ikiwa nzuri namna gani.

Sisi tumempa dereva daftari. Kila Ijumaa anaandika volti mbili, injini ikiwa imezimwa na ikiwa inazunguka, na mweka hazina anasoma kabla ya kutoa pesa ya safari.