Kabla Pampu ya Mafuta Haijabadilishwa

Gari lililotumika miaka ishirini na zaidi linapozimika ghafla barabarani, au linapopigwa stata asubuhi injini ikazunguka bila kushika, hukumu ya kwanza inayotolewa katika gereji nyingi ni kwamba pampu ya mafuta imekufa. Mara nyingine hukumu hiyo huwa sahihi, lakini dalili hizo hizo hutokana pia na fyuzi iliyoungua, rilei iliyochoka, filta iliyoziba, koili inayokatika ikipata joto, na hata geji ya dashibodi inayoonyesha robo ilhali tangi ni tupu. Ni makosa, basi, kumuuzia mwenye gari pampu mpya kabla ya kipimo chochote kufanyika.

Katika magari ya kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla havijaingia kwenye injini, pampu nyingi hufungwa ubavuni mwa injini na kuendeshwa na kemshafti, na ndani yake mna utando wa mpira unaovuta petroli na kuisukuma kwa presha ndogo. Pampu ya aina hii hupimwa kwa kuchomoa mpira unaokwenda kwenye kabureta, kuuingiza ndani ya chupa, na kupiga stata huku moto wa plagi umekatwa. Petroli ikiruka kwa mikupuo yenye nguvu, pampu ni nzima. Utando ukipasuka, petroli huweza kuvujia kwenye oili, na harufu yake husikika kwenye kijiti cha kupimia, dalili ambayo haifai kupuuzwa kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli huwa nyepesi mno kuzilinda beringi.

Magari ya EFI, ambayo petroli yake hupulizwa na nozeli zinazoongozwa na kompyuta, yana pampu ya umeme iliyozama ndani ya tangi. Mfano mzuri ni Toyota Corolla za miaka ya 1990 zenye injini ya 5A-FE, ambazo bado ziko barabarani Tanzania na Kenya. Ufunguo unapofunguliwa, pampu katika magari mengi hulia kwa mvumo mwembamba wa kama sekunde mbili, ingawa baadhi hazianzi mpaka stata izunguke, hivyo ukimya huo peke yake si ushahidi. Chini ya boneti ya Corolla hizo mna kiboksi cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSIS, na waya mfupi ukiunganisha matundu ya +B na Fp huku ufunguo umefunguliwa, umeme hufika kwenye pampu bila kusubiri amri ya kompyuta. Fundi akiubana mpira wa mafuta kwa vidole viwili wakati huo, huuhisi ukikakamaa. Pampu ikivuma hapo ilhali ilikuwa kimya wakati wa stata, mtuhumiwa ni rilei au kinachoiamuru, na tangi halina sababu ya kufunguliwa.

Pampu ikiendelea kunyamaza, umeme upimwe kwenye plagi ya pampu yenyewe, waya ukiwa umeunganishwa, kwa kuwa waya uliooza huweza kuonyesha volti kamili usipobebeshwa mzigo. Pini yenye rangi ya kahawia na plastiki iliyoyeyuka pembeni yake ni jibu tosha. Umeme ukifika vizuri na upande wa hasi ukiwa mzima, lakini mota haizunguki au inashtuka tu tangi likigongwa kwa ngumi kutoka chini, pampu ndiyo yenye makosa.

Kuvuma hata hivyo hakutoshi. Kipimo cha kuaminika ni geji ya presha inayofungwa kwenye njia ya mafuta, ambayo katika injini ya 5A-FE, pampu ikiendeshwa kwa waya ule huku injini imezimwa, inapaswa kusoma kati ya pauni 38 na 44 kwa inchi ya mraba. Ikisoma chini, mpira wa kurudisha mafuta kwenye tangi ubanwe kidogo: presha ikipanda haraka, kasoro iko kwenye rigileta, kifaa kinachodhibiti presha; isipopanda, huenda filta imeziba au pampu imechoka. Kazi hii ifanyike mahali penye hewa, injini ikiwa baridi, presha ikipunguzwa kabla ya kulegeza nati yoyote, na kizimamoto kikiwa karibu, kwa kuwa petroli inayoruka juu ya injini ya moto huunguza gari na watu.

Pampu ya ndani ya tangi hupozwa na petroli inayoizunguka, na ndiyo maana mazoea ya kuweka mafuta kidogo kidogo na kutembea taa ikiwa imewaka huifupishia maisha. Pampu mpya ikifungwa ndani ya tangi lenye kutu, chujio lake dogo la nailoni huziba tena, kwa hiyo tangi lisafishwe siku hiyo hiyo. Na kabla kiti cha nyuma hakijang'olewa ili kuifikia pampu, mwenye gari na aombe kuonyeshwa namba ya presha kwenye geji kwa macho yake.