Nipeni Mji

Waliokulia katika nyumba zisizo na televisheni watakumbuka jioni za baridi ya Juni hapa Mbeya, watoto wamelizunguka jiko la mkaa. Mmoja anasema, "Kitendawili!" Wengine wanaitikia, "Tega!" Wakishindwa kukitegua, anadai, "Nipeni mji." Wakimpa Tukuyu, anaweza kuukataa. Wakimpa Iringa akaukubali, anaanza kusimulia jinsi alivyopokewa kwa ngoma, akachinjiwa fahali, akalazwa kitanda cha chifu. Nauli ya basi haulizwi. Kila mtu anajua kwamba hajatoka mkekani, lakini kwa dakika mbili mji ni wake.

Leo nataka tuzungumze juu ya mchezo ulio ndugu wa huo. Mwaka 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Watu wanne au watano huketi mezani. Kila mmoja hujifanya mtu fulani: mwindaji, mganga, askari wa mkuki. Mmoja wao huwa mtambaji. Yeye hueleza mahali walipofika na kile wanachokiona, na husema kwa niaba ya wote wanaokutana nao njiani. Kisha huuliza, "Mnafanyaje?" Wenzake huamua wenyewe. Palipo na mashaka, dadu hukata shauri.

Mpwa wangu, kijana wa sekondari, alikipata kitabu cha mchezo wa namna hiyo katika vitabu vya mitumba hapa Mwanjelwa. Jalada lilikuwa na joka linalotema moto. Mama yake akakitupa nje, akasema ni kitabu cha uchawi. Simlaumu. Huko huko Marekani, katika miaka ya 1980, wazazi wengi walisema vivyo hivyo. Mimi nilikiokota nikakisoma, na nilichokuta humo zaidi ni hesabu. Kijana akaniambia, "Mjomba, basi tuongoze wewe."

Nikakubali. Dadu tuliazima kwenye ludo, nayo ina pande 6. Mtambaji akisema, "Ukipata 4 au zaidi umevuka mto," amempa mchezaji nusu kwa nusu. Akisema 3 au zaidi, amempa nafasi 4 kati ya 6. Akisema 6 peke yake, amekaribia kumnyima. Sharti kubwa ni kwamba namba itajwe kabla dadu haijarushwa. Anayeitaja baadaye anadhulumu, na watoto huijua dhuluma upesi kuliko sisi. Tena, jambo jepesi lisirushiwe dadu. Mtu mzima hahitaji bahati ili kufungua mlango.

Mkiletewa mchezo kama huu, upimeni kwa maswali matatu. Je, kanuni zake zaweza kuelezwa kwa robo saa? Je, kila mchezaji ana kazi, hata yule mpole asiyepiga kelele? Je, uamuzi wa wachezaji unabadilisha safari, au mtambaji amekwisha kupanga mwisho na wao ni abiria tu? Picha nzuri za jaladani hazijibu hata swali moja kati ya hayo.

Safari yetu ilikuwa ya kupanda msitu hadi Ziwa Ngozi, lile la Rungwe lililomo ndani ya shimo la volkano. Nilihitaji adui. Bila kufikiri, nikamweka ukingoni bibi kizee mwenye macho mekundu, akaaye peke yake, nikasema ni mchawi. Watoto walisisimka. Nami nikajiona fundi.

Kesho yake asubuhi nilimwona binti mdogo aliyecheza nasi akivuka barabara, ili asipite mbele ya nyumba ya jirani yetu mmoja. Jirani huyo ni bibi aishiye peke yake. Macho yake ni mekundu kwa sababu amepuliza kuni za moshi maisha yake yote. Juzi yake mtoto huyo huyo alimwamkia, "Shikamoo bibi," akapewa ndizi.

Ndugu wasikilizaji, katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho kama hayo. Uvumi haukuanza na panga. Ulianza na hadithi iliyosimuliwa na mtu mzima, watoto wakisikiliza.

Wiki iliyofuata niliwaambia watoto kwamba nilikosea. Tukarudi ukingoni mwa ziwa. Nikauliza, "Mnafanyaje?" Walinyamaza kitambo. Kisha binti yule akasema, "Namuuliza bibi kwa nini macho yake ni mekundu." Mpwa wangu alikwisha kushika dadu. Nikamwambia aiweke chini, kwani swali la adabu halihitaji bahati. Nikajibu kwa sauti ya bibi, "Ni moshi, mjukuu wangu. Jiko langu halina bomba." Wakashinda jioni nzima wakimjengea bomba.

Dadu huwalinda waliopo mezani. Asiyekuwepo mezani hana wa kumlinda ila mtambaji. Kwa hiyo wazazi, msikitupe kitabu. Ketini mezani, msikilize ni nani amefanywa adui, na kwa nini.