Umbo la Protini na Kazi ya Kompyuta

Protini ni mnyororo wa asidi-amino uliojikunja, na umbo la mkunjo huo ndilo liamualo kazi yake. Kulipima umbo moja kwa miali ya eksirei huweza kuchukua miaka. Mwaka 2020 programu ya kompyuta iitwayo AlphaFold ilikisia maumbo mengi kwa usahihi mkubwa kutokana na mpangilio wa asidi-amino. Mwaka 2022 makisio zaidi ya milioni 200 yalitolewa bure.

Je, utafiti umekwisha? La. Katika ugonjwa wa selimundu hubadilika asidi-amino moja tu, ya sita katika mnyororo wa beta wa himoglobini. Umbo la molekuli moja karibu halibadiliki. Madhara hutokea molekuli nyingi, zikiisha kuachia oksijeni, zinaposhikamana na kuipinda chembe nyekundu ya damu. Mashikamano ya namna hiyo, na jinsi dawa iwezavyo kuyazuia, bado ni vigumu kuyakisia. Hapo ndipo mwanafunzi apendaye hisabati pamoja na biolojia atakapopata kazi.